Ndimi za Khene Thelathini

Meneja alipuliza khene yangu, zumari ya mianzi ya kwetu, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na haikutoka sauti. Pumzi yake ilipita katikati ya mianzi kumi na sita ikatokea upande wa pili kama ilivyoingia. Akapangusa midomo kwa leso, akanitazama mimi, akamtazama Thavone aliyemleta, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ashuke garini.

"Vizuri," alisema. "Hivi ndivyo ninavyotaka. Zote ziko hivi?"

"Zote, madamu," nilimjibu.

Sikusema uongo. Khene zote duniani ziko hivyo. Kila mwanzi una kitundu, juu kidogo ya kile kifua cha mti unachokipulizia, na mwanzi hauimbi mpaka kidole kizibe kitundu hicho. Ukipuliza huku viganja vyako vimekumbatia kifua tu, kama mtu aliyeshika bakuli la mchuzi, utapuliza mpaka jua lichwe, na utakachopata ni kizunguzungu. Kijijini kwetu mtoto wa miaka mitano analijua hilo. Madamu Vilaysone, aliyezaliwa mji mkuu na kusomea mambo ya hoteli ng'ambo, hakulijua.

Thavone alilijua. Ni binamu wa mume wangu, na alijifunza khene miguuni pa baba mkwe wangu kabla hajahamia mjini akawa dalali. Aliipokea ile khene kutoka kwa meneja, akaipima uzito, na nikakiona kidole gumba chake cha kushoto kikitambaa chenyewe kuelekea kitundu cha kwanza. Kikasimama nusu ya njia. Akaniangalia. Nami nikamwangalia, sikupepesa. Akailaza khene mkekani pamoja na nyingine.

"Tuzipakie," alisema.

Miezi minne kabla ya hapo ndiye yeye aliyetuletea habari. Ilikuwa baada ya mavuno, mwaka ambao daraja lilikuwa halijajengwa bado na watu wakivuka mto kwa mashua kwenda kwa Wathai. Hoteli kubwa ilikuwa inajengwa mjini, ukingoni mwa Mekong, na ilitaka khene thelathini za kutundika ukutani pale wageni wanapopokelewa. Zinyooke, zing'ae, zifungwe vizuri. Ila zisiwe na ndimi, vile vibati vyembamba vinavyoipa khene sauti. Thavone alieleza kwamba katika hoteli ambayo meneja aliisimamia zamani, wageni na watoto wao walikuwa wakizitungua khene na kuzipuliza mchana kutwa, hata wapokezi wakaugua kichwa. Meneja hakutaka yale yajirudie. Hizi zikimpendeza, angeagiza nyingine mia tatu.

Baba mkwe wangu, Mzee Inpeng, alikuwa kwenye bembea yake ya kamba, macho yake meupe yameelekea paani. Kwa miaka hamsini khene zake zilikuwa zimesindikiza harusi na misiba ya wilaya nzima.

"Thavone, mwanangu," alisema, "wauzie mianzi basi. Imejaa msituni. Hawanihitaji mimi." Akashuka kwenye bembea, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akatoka.

Mume wangu Khamsing alikubali.

Nataka nimtendee haki. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, yeye na kaka yake walikwenda kuchimba machipukizi ya mianzi, na jembe la kaka yake likagonga kimojawapo cha vile vichuma vya mviringo ambavyo ndege za vita zilitumwagia. Kaka alizikwa siku ileile. Khamsing alipona, sikio la kulia likafa kabisa, na la kushoto likabaki la kusikia anayemsemea karibu. Akakua akawa mchonga vifua vya khene asiye na mfano, kazi laini utadhani mti umezaliwa hivyo, na hajawahi kuisikia hata moja sawasawa. Khene hazikutosha kutulisha. Misimu mitatu alikwisha kuvuka mto kwenda kukata miwa ya Wathai, na safari ya mwisho alirudi na kovu la panga kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono. Hizo mia tatu maana yake ni kwamba angebaki nyumbani. Nami nilitaka abaki. Nataka hilo lijulikane kabla sijaendelea.

Jioni ile nilimsogelea sikio la kushoto nikamuuliza kama haoni aibu kutengeneza khene bubu.

"Kwangu mimi zote ni bubu, Chanpheng," alisema. "Nyingine thelathini zitanidhuru nini?"

  Nilimwachia neno hilo, lakini sikukubali.

Mfua ndimi nyumbani mwetu alikuwa mimi. Macho ya baba yalipoanza kuingia ukungu, hakuwa na mwana mwenye masikio wa kumrithisha, akaniita mimi, mke wa mwanawe, akaniwekea mkononi kipande cha shaba na nyundo ndogo. Ulimi wa khene ni mwembamba kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Unaufua, unauchonga, unaupachika kwenye mwanya ubavuni mwa mwanzi, na hapo ndipo mwanzi unapopata roho. Watu walisema sana. Wanaume wa kijijini walitania kwamba ulimi uliofuliwa na mwanamke utapayuka siri za nyumba. Walitania hivyo, kisha wakaja kununua.

Kwa hiyo mgawanyo wetu ulikuwa huu: Khamsing akikata mianzi, akiinyoosha kwa moto, akichonga vifua; mimi nikitia ndimi, nikipanga mianzi, nikiziba kwa nta nyeusi ya nyuki wadogo. Safari hii kazi yangu ilikuwa nusu. Kupanga na kuziba tu. Nilimaliza khene tatu namna hiyo. Nilipokuwa nabonyeza nta ya ile ya tatu, nilijiona kama mtu anayemshikia mwenzake mdomo ili asipige kelele. Nikanawa mikono, na nta haikutoka.

Asubuhi iliyofuata, Khamsing alipokwenda msituni na panga lake, nilizibomoa zote tatu. Nikachukua kopo la baba lenye sarafu za kale zisizonunua kitu tena, za fedha iliyochanganywa na shaba, nikawasha mkaa, nikaanza kufua.

Mume wangu hasikii nyundo. Baba yake anasikia hata mchwa. Siku mbili alilala kwenye bembea akisikiliza. Siku ya tatu nilikuwa najaribu khene ya kwanza, na sauti ya baba ikatoka ubavuni pangu, kavu kama siku zote.

"Mwanzi wa nane sauti iko chini. Ukwangue ulimi wake nchani."

Nikaukwangua nchani. Ukapanda.

Tangu siku hiyo tulikuwa wawili. Asubuhi, Khamsing akishaondoka, mimi nafua na baba anasikiliza. Hatukulizungumza jambo lenyewe hata mara moja. Tulizungumza habari za ncha na mashina, za ulimi mnene na ulimi mwepesi, na wakati mwingine alicheka peke yake bila kunieleza anachocheka. Khene thelathini, ndimi mia nne na themanini. Sarafu zilikwisha khene saba zikiwa bado. Nikafungua sanduku nikautoa mkanda wangu wa fedha, ule alionifunga mama siku ya harusi, nikaukata pingili saba za mwishoni, nikaziyeyusha pamoja na shaba. Ndimi zake zilikuwa tamu kuliko zote. Baba alisema, "Hizi umezitoa wapi?" Nikamwambia nimeziokota. Akaomba mwanzi unaofuata, nikajua amejua.

Hivyo ndivyo zilivyofika mkekani siku ile meneja alipopuliza akaridhika.

Hoteli ilifunguliwa Jumamosi asubuhi. Madamu Vilaysone alituita sisi mafundi tukae kwenye mikeka chini ya ukuta, tuwe sehemu ya mapambo. Nilivaa sketi yangu ya hariri na juu yake mkanda uleule. Haukuzunguka tena kiuno. Niliuunga kwa pini na kuificha kwa shali. Shali likateleza nilipoinama kumketisha baba. Khamsing akaiona pini. Akahesabu kwa macho pingili zilizobaki, nikamwona anahesabu, kisha akainua uso akatazama ukuta, khene moja baada ya nyingine. Hakuwa amesikia kitu chochote, lakini alijua kabla ya wote waliokuwa na masikio. Uso wake ukajifunga.

Watawa waliomba dua, wakubwa wakahutubia, kisha mfanyakazi mmoja akabonyeza kitufe na spika zikaanza kupiga khene. Khene zangu thelathini zilining'inia ukutani, na muziki wa khene ukatoka kwenye sanduku.

Baba aliinamisha kichwa. "Nani huyo anapiga?"

"Kanda, baba."

Alisikiliza. Kanda ikafika mwisho, ikakatika, ikarudi ilikoanzia. Sasa, khene haikatiki. Ukipuliza inalia, ukivuta pumzi ndani inalia vilevile, na mpigaji mzuri anaweza kwenda tangu chai mpaka chakula cha mchana bila wewe kujua alipopumulia.

"Huyo amekufa katikati ya wimbo," baba alisema, kwa sauti ambayo safu ya mbele waliisikia. "Mbona hakuna anayemsaidia?"

Nikainuka. Sikuwa nimepanga. Nilidhani ningetosheka kujua kwamba zina ndimi, kama mtu atoshekavyo na siri nzuri. Kumbe siri ya namna hiyo haitoshi. Nilipanda juu ya meza ya maua, nikatungua khene iliyo karibu, nikaiweka mikononi mwa baba mkwe wangu. Meneja alitabasamu, alidhani ni kwa ajili ya picha.

Baba alikohoa, akapanga vidole, akavuta pumzi.

Kwanza ilikuja ile sauti nzito ya chini, inayokaa kifuani mwa msikilizaji. Kisha vidole vikaanza kukimbia, na ukumbi ule wa marumaru mapya, uliokuwa haujawahi kusikia kitu ila nyayo na hotuba, ukajaa mpaka kwenye dari. Yule mfanyakazi wa spika alizizima bila kuambiwa. Wapishi wakatoka jikoni na aproni zao. Thavone alikuwa mlangoni amevaa suti. Alitembea taratibu hadi ukutani, akatungua ya pili, akavua saa, akaitia mfukoni, akaingia kwenye wimbo pale mwalimu wake alipokuwa. Baada yake mtunza bustani. Baada yake mzee mmoja wa wilaya, mwenye medali. Nilihesabu tisa, na wengine walikuwa wabaya kweli. Vidole vimesahau, pumzi fupi. Hakuna aliyeona haya.

Madamu Vilaysone alinijia, midomo imekauka.

"Uliniambia ni bubu."

"Wewe ndiye uliyetaka bubu, madamu. Mimi uliniuliza kama zote ziko hivyo. Nazo ziko hivyo."

Wiki moja baadaye Thavone alikuja na ujumbe, ameukunja uso. Madamu hakutaka ugomvi. Wageni wake wakubwa walifurahi, na hilo amelisamehe. Lakini tangu siku ile hoteli haina utulivu, kila mhudumu anayepita anatungua moja. Niende nikang'oe zile ndimi, siku mbili tu, na agizo la mia tatu litasimama palepale. Khamsing alikaa mbele yake akimsoma midomo. Alipomaliza, wote watatu wakanigeukia, hata baba na macho yake meupe.

Niliujua uzito wa jibu langu. Nililiona kovu la Khamsing mkononi. Nikasema polepole, ili naye alipate.

"Nilifundishwa kutia ndimi, shemeji. Kung'oa sikufundishwa na mtu."

 Nilipochukua nyundo nikaendelea na kazi, Thavone alimuaga mjomba wake akaondoka. Khamsing naye aliinuka, akaingia ndani, nikamsikia akivuta mfuko wake wa safari kutoka juu ya kabati.

Nilimsindikiza mpaka penye mashua.  Alipokwisha kutupa mfuko ndani, aligeuka.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungekataa."

"Ningekataa. Lakini ungeniambia."

Mashua ikaondoka. Alikaa misimu miwili katika miwa. Baba alifariki katika msimu wa pili, na habari ikamfikia mwanawe tumekwisha kuuchoma mwili kidesturi na kuokota mifupa. Hilo nalo liko juu yangu, sijaribu kulishusha. Hoteli ilitundika picha za mto mahali pa khene, na nikasikia khene zenyewe wamegawiwa wafanyakazi, kila mtu akaondoka na yake kwenda kwao.

Sasa daraja lipo, na sikio la kushoto la Khamsing limefuata la kulia. Kila mwaka mpya, familia inapokusanyika kufungana nyuzi nyeupe mikononi na kuombeana heri, anakuja kukaa mbele yangu na uzi wake, na kuniuliza kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, mbele ya wakwe na majirani, kama ningefanya tena. Watu hucheka; wamekwisha kulizoea swali. Mimi humgeuzia uso wote, ili midomo yangu isimpotee.

"Ningefanya," humwambia. "Zote thelathini. Ila ningekwambia kwanza."

Naye hukaza fundo.