Mzee Nikodemu Ajifunza Walsi

Zilibaki wiki tatu Yuliana aolewe, na baba yake, Nikodemu, mchonga mpingo wa Temeke, alikuwa hapati usingizi. Bwana harusi alikuwa karani, na kwao wazazi ndio hufungua dansi, tena kwa walsi, ile ya Kizungu ya kuzunguka wawili wawili. Nikodemu kwao Newala alikuwa fundi wa kucheza ngoma, lakini dansi ilimvuruga miguu.

Akamwendea jirani yake, Salumu, mpiga ngoma wa bendi iliyoalikwa harusini.

"Nifundishe, ila mke wangu asijue," alisema.

Salumu akacheka, akagonga meza. "Tafuta pigo zito, kaka. Walsi ina mapigo matatu: moja zito, mawili mepesi. Rumba ina manne. Mguu uanze na lile zito."

"Basi?"

"Basi. Mengine ni woga."

Tangu siku hiyo Nikodemu alichonga kwa hesabu. Nyundo ilitua kwa nguvu, kisha taratibu, taratibu. MOJA, mbili, tatu. Siku ya nne alizama mno katika hesabu, akamkata pua bibi wa mpingo aliyekuwa akimchonga.

Adelina, mkewe, alikuwa mlangoni na chai.

"Baba Yuliana, umemkosea nini huyo bibi?"

Ikabidi aseme yote. Adelina hakucheka. Aliweka chai chini, akamshika mikono, wakaanza kuzunguka juu ya maranda, yeye akiimba la-la-la kwa sauti ya kwaya. Nikodemu alimkanyaga mara mbili. Hakuachiwa.

Siku ya harusi, jua la alasiri likiwaka, uwanja ukaachwa wazi kwa ajili ya Nikodemu na Adelina, bendi ikaanza kupiga. Nikodemu alihesabu moja, mbili, tatu, akakwama. Pigo zito halikuja pale alipolitegea. Wakwe walikuwa wanatazama.

"Ni rumba, mume wangu," Adelina alimnong'oneza. "Ongeza moja."

Akaongeza. Mguu ukapata mahali pake, kisha kiuno, na hesabu ikamtoka kichwani bila yeye kujua. Salumu, aliyekuwa amesahau kabisa habari ya walsi, alimwinulia fimbo moja ya ngoma kumwomba radhi.

Wimbo ulipokwisha, mama wa bwana harusi akaja, mkono mbele, akiomba zamu.

"Samahani, dada," Adelina alisema, bado amemshika mumewe begani. "Mie mwenyewe nimemsubiri miaka ishirini na miwili."