Mtoto wa Kuokotwa

Kila mwaka Juni ikifika, wanafunzi wazungu hushuka hapa kwetu Funyula wakiwa na mabegi makubwa mgongoni na chupa za maji zisizoisha. Mwaka ule walikuja wawili, Maren na Tobias, kutoka chuo kikuu kimoja cha Marekani. Walikuwa na wiki nane za likizo, na kazi yao ilikuwa kupima sikoseli watoto wasiofika miaka mitano. Ni ugonjwa wa damu ambao mtoto huurithi kwa baba na mama wote wawili. Huku kwetu umeua watoto toka enzi za mababu, na kila mara lawama amebebeshwa jirani.

Mkalimani wao alikuwa Sylvia Mugeni, mwanamke wa miaka ishirini na sita aliyepanga chumba kimoja mjini Busia. Alikuwa na diploma ya afya ya jamii, lakini kwa miaka minne diploma hiyo haikuwa imempa kazi yoyote zaidi ya kuning'inia ukutani. Sasa alipewa tableti na shati lenye nembo. Maren alidunga vidole, Mugeni aliuliza maswali na kuandika majibu, na Tobias alitembea nyuma yao na daftari akiokota kila neno lililoanguka.

Siku ya mafunzo Maren aliwaonyesha picha ya mikono ya mtoto mgonjwa. Vidole vilikuwa vimevimba, vinene na vifupi kama ndizi za sukari. Mugeni aliitazama picha ile, akatafuta kiti. Mikono hiyo aliijua. Dada yake Anjeline alikuwa amezika watoto wawili, mmoja baada ya mwingine, na wote wawili walikuwa na vidole hivyo na macho ya njano. Mama mkwe alisema ni mambo ya ukoo wa kina Anjeline. Majirani walisema ni jicho. Mugeni na diploma yake walisema ni malaria.

Halafu kulikuwa na Nabwire.

Nabwire alipozaliwa, baada ya makaburi yale mawili, familia haikutaka mchezo. Asubuhi na mapema mtoto alifungwa kanga kuukuu akalazwa njiani, karibu na jalala. Mugeni alikuwa ameambiwa apite hapo kama mtu anayekwenda zake sokoni. Alipomfikia alisimama, akapaza sauti: "Jamani, nani ametupa mtoto?" Akamwokota. Akambeba mpaka kwa Anjeline, akamwomba kwa heshima amsaidie kumnyonyeshea mtoto wake. Wasamia, watu wa huku, wanalijua jambo hili, na wengi wa majirani zao pia. Kifo kinapokuja kutafuta mtoto wa Anjeline, kinakuta hayupo, yupo wa Mugeni tu, na kifo hakina shida na Mugeni. Sharti lake ni moja: mama mzazi asitamke kamwe kwamba mtoto ni wake, na mtu mwingine asimtamkie.

Sharti lilishikwa. Nabwire akakua akimwita Anjeline kwa jina, "Anje, nipe uji," kama mtu mzima anayedai haki yake, na watu wakicheka. Mugeni akija kutoka mjini, mtoto alitoka mbio uani huku akilia "Mama! Mama!" Kwanza Mugeni aliitikia kwa kufuata desturi. Kufikia mwaka wa tatu alikuwa anaitikia kwa sababu alikuwa mama. Alimpenda yule mtoto, basi.

Kwa hiyo siku ile ya picha alijua anachopaswa kufanya: Nabwire apimwe. Watakaokutwa na ugonjwa wangeandikishwa, wapewe vidonge kila mwezi katika zahanati kwa miaka miwili, na vidonge hivyo, alisema Maren, ndivyo vinavyomvusha mtoto mpaka akue. Mwisho wa kuandikisha ulikuwa Ijumaa ya wiki ya sita. Muda ulikuwepo.

Lakini katika wiki ya pili Mugeni alifanya kosa la ukarimu. Wakinywa chai, alimwambia Tobias kwamba huku mtu haulizwi ana watoto wangapi. Watoto hawahesabiwi, wanatajwa majina. Alisema hivyo ili vijana wale wasitukanwe kwenye maboma ya watu. Ijumaa yake, katika mkutano na wageni wa mradi, maneno yake yakatokea ukutani kwa herufi kubwa, chini ya kichwa kilichosema vikwazo vya kiutamaduni. Kulikuwa na picha ya bibi mmoja ambaye Mugeni alimfahamu vizuri, ameziba mdomo kwa mkono. Wageni walicheka kidogo, kicheko cha adabu. Mugeni naye alicheka, kwa sababu alikuwa ameketi katikati yao na shati lao mwilini. Aliporudi chumbani kwake alilivua shati lile akalitupa chini ya kitanda, akaapa kwamba hawatapata kitu kingine kutoka kwake.

Wiki ya nne zamu ya boma la Anjeline ikafika.

Anjeline aliwapa viti, akawaletea njugu. Mume wake, Egesa, hakuwepo. Alikuwa utingo wa lori, na lori lilikuwa siku ya tatu kwenye foleni ya mpakani Malaba. Mugeni akafungua tableti akamuuliza dada yake maswali kama anayemuuliza mtu baki. Majina ya watoto? Anjeline akataja wawili wakubwa, waliokuwa shuleni. Wengine? Hakuna. Wasiofika miaka mitano? Hakuna.

Wakati huohuo Nabwire alikuwa amemkumbatia Mugeni goti, anakula njugu.

"Na huyu mrembo?" Maren aliuliza kwa Kiswahili chake cha kujifunza.

"Huyo ni wa Mugeni," Anjeline akajibu haraka.

Maren akashika mdomo kwa furaha. "Mugeni! Wewe ni mama? Wiki nne hujaniambia!" Akachuchumaa, akamsalimia mtoto, mtoto akamficha njugu. "Tumpime basi. Anakaa hapa?"

Swali lenyewe lilikuwa hilo tu. Tableti ilitaka mtoto na mama aliyemzaa wawe wakazi wa boma, na mama huyo aulizwe habari za damu ya kwao. Mugeni akiandika kwamba mtoto anakaa hapa, swali la pili lingekuja, nalo lingemtaka aseme nani amemzaa. Alimtazama dada yake. Anjeline hakutikisa hata kope, lakini mikono yake ilikuwa imeshika kiti kama mtu anayevuka mto kwa mtumbwi. Tobias alikuwa ameinua kalamu.

"Hapana," Mugeni akasema. "Anakaa na mimi Busia. Amekuja tu kutembea."

"Ah, pole. Mji hauko kwenye orodha yetu," Maren akasema, akafunga mkoba wa vipimo, wakaenda boma la pili.

Jumapili Mugeni alirudi peke yake. Alimkuta Anjeline anaanika muhogo.

"Anje, wale wawili waliotangulia, mimi nimeona picha ya ugonjwa wao. Uko na jina. Uko na dawa."

"Nyamaza."

"Mwezi wa tano vidole vya mtoto vilivimba. Uliniambia eti mlango ulimfinya."

"Mlango ulimfinya." Anjeline alikuwa anapanga muhogo bila kumtazama. "Wewe sikiliza, Mugeni. Tangu umwokote ni miaka mitatu. Wale wengine hawakufika miwili. Hao wazungu wako wako na dawa gani ya kushinda hiyo? Wataandika, watapanda ndege, watatuachia kaburi. Huyo ni mtoto wako. Mchunge."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kwa desturi yeye ndiye mama, angeweza kumbeba mtoto na kumpeleka hospitali bila kumwomba mtu ruhusa. Alilijua hilo. Angeweza pia kumvuta Maren kando na kumweleza, maana Maren hakuwa mtu mbaya. Lakini kila alipofungua mdomo aliuona ule ukuta na herufi kubwa, na Nabwire wake ameandikwa chini yake, watu wakicheka kwa adabu. Akajiambia, wiki ijayo. Wiki ya tano ikapita. Ijumaa ya wiki ya sita orodha ikafungwa, naye ndiye aliyebonyeza kitufe cha kuifunga. Akajiambia, wazungu wakishaondoka, nitampeleka mwenyewe kimyakimya. Ngojangoja huumiza matumbo.

Siku ya kuagana walipika chapati na kuku katika ukumbi wa kanisa. Hotuba zilikuwa zinaendelea simu ya Mugeni ilipolia.

"Njoo umuone mtoto wako," Anjeline alisema. Hakukata simu. Mugeni alimsikia akipumua.

Alimkuta Maren nyuma ya ukumbi, anasuuza sahani na akina mama. Alimwambia yote akiwa amesimama, kwa Kiingereza, haraka, kama anayetapika: jalala, kanga, makaburi mawili, vidole, uongo wake. Maren aliacha maji yakimwagika. Hakusema kwamba orodha imefungwa. Alikimbia kuchukua mkoba, wakapanda bodaboda moja, wote wawili nyuma ya dereva.

Nabwire alikuwa amelala kwenye mkeka chini ya paa la jikoni. Midomo ilikuwa myeupe na macho ya njano. Upande wa kushoto wa tumbo ulikuwa umevimba na kuwa mgumu. Maren alimdunga kidole, mtoto hakulia. Tone la damu likapanda kwenye kijiti, wakasubiri, mistari ikatokea. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Kwa nini hukuniambia?" Maren akauliza kwa Kiswahili.

"Mngeandika," Mugeni akasema.

Maren akainama, akamsaidia kumfunga mtoto mgongoni.

Huko hospitali walifanya yote ambayo watu wanaweza kufanya. Damu ilipatikana, wakamtundikia, na kwa saa chache rangi ikarudi kidogo midomoni hata Mugeni akaanza kupanga maneno ya kuomba msamaha. Lakini bandama lililovimba lilikuwa linaimeza damu ile kama mchanga unavyomeza maji, daktari alivyoeleza, na homa haikushuka. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, Nabwire alifumbua macho.

"Mama," akaita.

Wanawake wote wawili wakainama. Halafu Anjeline akajiinua taratibu, akarudi nyuma hatua moja, mbili, mpaka mgongo ukagusa ukuta, ili mtoto amuone yule aliyefundishwa kumwita hivyo. Mugeni akaitika. Aliendelea kuitika hata baada ya muuguzi kumshika bega.

Walimzika Jumatatu. Egesa, aliyekuwa tena safarini, aliliachia lori mtu mwingine kwenye foleni ya Malaba, akaja na viatu vyake vya kazi, akasimama kando ya shimo kama mtu aliyepotea njia. Tobias alikuwa ameshasafiri. Maren alibadilisha tiketi akabaki, akamenya viazi na akina mama siku mbili bila kuuliza swali hata moja. Watu walinong'ona, kama watu wanavyofanya, kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Walikuwa wanamsema Mugeni, naye alisikia, na aliona wana haki.

Katekista, mzee Ojiambo, alikuwa na kitabu cha parokia. Kabla ya kuweka udongo alifungua ukurasa, akatoa kalamu mfuko wa shati.

"Nahitaji jina la mama mzazi," akasema.

Hapakuwa na mtu mzima pale asiyejua ni tumbo la nani lililombeba Nabwire. Mugeni alimgeukia dada yake na kungoja. Alitaka sana Anjeline aseme. Kulikuwa na kosa gani tena kutamka sasa? Aseme tu, alie kama mama, na Mugeni arudi nyuma kwenye mstari wa mashangazi na kulibeba kosa lake akiwa huko.

Anjeline alikuwa amewashika mikono wale watoto wake wawili waliobaki, kila mmoja upande wake. Aliwashika kwa nguvu mpaka yule mdogo akawa anajinyonganyonga.

"Nilikupa akiwa mzima," alimwambia Mugeni, polepole. "Siwezi kukunyang'anya akiwa amekufa."

Hakukuwa na hasira katika maneno yale. Mugeni angefurahi kuisikia hasira. Alimwona dada yake ameuma kanga ili sauti ya mama isimtoke, na akajua ataiuma hivyohivyo mpaka watu waondoke, na hata wakishaondoka.

Mzee Ojiambo alikohoa. "Niandike nani, basi?"

Mugeni akasogea mpaka kwenye ukingo wa shimo.

"Andika ni wangu," akasema. "Nabwire, binti wa Sylvia Mugeni. Miaka mitatu. Na uandike alikuwa akikaa hapa, mzee. Hapa kwenye boma hili. Hakuja kutembea."