Siku ya Mwisho ya Middlesex

Abdulsamad alikuja London kusoma, kabla ya mapinduzi. Yalipotokea, kaka zake wawili walitiwa ndani, na mama yake akamtumia salamu kupitia mtu wa Mombasa kwamba asithubutu kurudi Unguja. Akatafuta kazi, akapata ukarani wa muda katika ofisi ya elimu ya Halmashauri ya Kaunti ya Middlesex.

Miezi michache baadaye akaja Msabaha, kijana wa mtaa wao, hana mbele wala nyuma. Abdulsamad alimgawia chumba chake cha Hounslow, akamnunulia koti, akamwombea kazi ofisini kwake. Asubuhi wakipanda basi pamoja, na Msabaha akimwita kaka mbele za watu.

Halmashauri ile ilikuwepo tangu mwaka 1889, ikijenga shule na barabara. Sasa Bunge lilikwisha kupitisha sheria ya kuivunja, sehemu kubwa ya kaunti iingizwe katika London mpya. Abdulsamad aliifuatilia habari hiyo kuliko Waingereza wenyewe. Serikali iliyompeleka masomoni nayo ilikuwa imefutika, ila hii iliagwa kwa chai na keki.

Makarani wa kudumu walihamishiwa kwenye mabaraza mapya. Kwa wale wa muda ilibaki nafasi moja tu, na mkuu wao, Bwana Harding, alisema itakwenda kwa aliyetangulia kuajiriwa. Abdulsamad akatulia.

Mwisho wa Machi 1965 walikusanyika kuagana. Harding alisimulia historia ya halmashauri, kisha akaja kumshika Abdulsamad mkono.

"Safari njema. Nakuonea wivu, unarudi kwenye jua."

"Narudi wapi, bwana?"

"Zanzibar. Msabaha aliniambia tangu Februari. Akaniomba nisikutajie, maana ukisikia habari za kwenu unalia."

"Siwezi kurudi Zanzibar. Nikishuka tu nitafungwa."

Harding akaiva uso. Nafasi alikwisha kumpa Msabaha, akasema, na jambo limeshapita mikononi mwake. Abdulsamad akamtafuta Msabaha kwa macho. Alikuwa mlangoni, keshavaa koti, anatoka.

Alimkuta chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Mke wangu Time anakuja mwezi ujao," Msabaha alisema kabla hajaulizwa. "Atakula nini? Wewe umesoma, kaka. Utapata nyengine."

"Ungeniomba."

"Ungenipa?"

Abdulsamad alifikiri, kwa kuwa hakutaka kusema uongo. "Sijui. Lakini kazi si kitu. Unajua nini kinaningoja kule. Watu wote hapa hawajui, wewe unajua. Na kule kule ndiko ulikonirudisha kwa mdomo wako."

Msabaha aliinama. Abdulsamad akafunga sanduku lake, akamwachia chumba, maana kulala humo tena hakuweza. Parminder, jirani aliyekuwa akipakia mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow, alimpa pa kujilaza, kisha akampeleka kwa msimamizi wake. Akaanza kubeba masanduku ya watu wanaokwenda makwao.

Sikukuu ya Idd Msabaha alikuja na mkewe kumpa mkono. Abdulsamad aliwakaribisha, akawatilia chai, akamuuliza Time hali ya wazee wake. Msabaha alipomuuliza na yeye ana habari gani za nyumbani, alisema hana, ingawa asubuhi ile alikuwa amesikia kwamba kaka yake mkubwa amefia gerezani.