Mahali pa Besi

Udugu wa Kinubi, chama cha waimbaji walioishi nyumba moja, ulianzishwa mwaka 1904 na wanafunzi wanne wa muziki katika chuo kimoja kidogo cha Ohio, vijana walioshindwa kucheza mpira wakaamua kujivunia sauti zao. Kila mwaka Merle Oberholt, mtunza historia wa udugu, aliwasimulia wanachama wapya habari hizo, naye hakuwa mchoyo wa chumvi. Jambo moja tu alilieleza kama lilivyo. Ndugu akifa, wenzake wa kikundi huimba wimbo wa udugu na kuiacha sehemu ya sauti yake bila mwimbaji. Waasisi walisema ni adabu kumwachia mwenzao mahali pake.

Vuli ya 1952 polio ilikuwa ikibisha hodi nyumba kwa nyumba. Chuo kilifungwa, na katika nyumba ya udugu walibaki Merle, Wendell na Royce, wakingoja habari za mwenzao wa nne kikundini, Delbert Krantz, besi wao, mwenye sauti nzito ya chini, aliyelazwa hospitali. Asubuhi moja baba yake Delbert alifika, mkulima wa miraba minne, hakusalimia mtu. Alikusanya nguo za mwanawe, mto na hata viatu, akaviteketeza nyuma ya nyumba huku akilia, kisha akaondoka. Nani angethubutu kumuuliza? Vijana walitazamana, wakaamini mwenzao amefariki, wakaenda kuvaa makoti meusi.

Waliimba sebuleni, Merle akishika sauti ya juu. Ubeti wa kwanza ulikwenda salama. Katika ubeti wa pili, besi ikaingia.

Waimbaji wa nyumba ile walijua kwamba sauti zikipatana barabara huzaa nyingine ya ziada, nao waliisaka kama wawindaji. Lakini hiyo huja juu. Hii ilitoka chini, kwenye mbao za sakafu, tena ilivuta pumzi. Ilikuwa na mtetemo ule ule mwishoni mwa mstari ambao Delbert alikaripiwa kila siku. Royce alinyamaza, wenzake nao wakanyamaza. Besi ikaumaliza mstari peke yake.

Wendell alikimbilia simu ya ukumbini. Muuguzi alishangaa: nani kasema kijana amekufa? Nguo zilichomwa kwa amri ya daktari, ugonjwa usienee. Ila dakika chache zilizopita Delbert alikuwa amepoteza sauti kabisa, na sasa pumzi nayo ilikuwa ikiifuata.

"Tumemwimbia mtu aliye hai," Royce alisema.

"Basi tuimbe tena," Merle akasema. "Mimi nitashika besi. Sauti yake ikikosa pa kukaa hapa, itarudi kwa mwenyewe."

"Na kwenye sauti ya juu atabaki nani?"

"Hatabaki mtu."

"Merle, bwana, wewe ndiye unayesimulia haya mambo kila mwaka. Unajua unachokifanya?"

"Najua. Toa sauti, Royce, mwenzetu anakata roho."

Merle aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Mwezi uliofuata alitakiwa kwenda kusikilizwa na kituo cha redio huko Chicago, na sauti ile ya juu ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo duniani. Lakini kila alipofumba macho alimwona baba yake Delbert akikoroga majivu kwa kijiti.

Besi ilimkwaruza koo. Kitu kilimsukuma kutoka chini, kama mlango ulioegemewa na mtu kwa ndani, naye akakaza. Katika ubeti wa tatu mlango ukalegea, na besi ikawa yake mwenyewe, mbovu, isiyo na mtetemo wowote. Hapo ndipo Wendell na Royce walipoinua macho. Juu yao sauti nyororo ilikuwa ikiimba, na wote watatu waliijua.

Simu ililia. Wendell alisikiliza, kisha akacheka na kulia kwa pamoja. Delbert alikuwa ameomba maji, kwa sauti yake, na alikuwa akimuulizia Merle.

"Muuguzi yuko kwenye simu," Wendell alisema. "Sema neno moja tu, atamfikishia."

Merle aliipokea simu. Alifurahi, kwa kweli alifurahi. Alifungua kinywa.

"Haloo?" muuguzi alisema. "Haloo, kuna mtu?"

Sebuleni, mahali alipokuwa amesimama, sauti yake ilianza ubeti wa nne.