Mizinga ya Mama Winfrida

Mama Winfrida wa Itigi alinyang'anywa mizinga kumi na miwili ya nyuki kwa sababu ya swali moja. Aliuliza mkutanoni kwa nini kisima cha kijiji kina kufuli na ufunguo anao mtendaji. Kesho yake Sostenes, mtendaji wa kata, kijana mgeni kutoka mjini ambaye shikamoo ilimshinda kutamka, akaja na mgambo wawili. Akasema mizinga haina kibali, akaipanga chini ya paa la ofisi yake.

Mama huyu hakuwa mtu wa kulialia. Alifunga kanga yake, akaenda mahakama ya mwanzo. Hakimu Redempta akasikiliza pande zote, akaamuru: mizinga irudishwe ndani ya siku saba.

"Mahakama ni ya wezi wa mbuzi," Sostenes aliwatangazia watu nje. "Mimi ni serikali."

Maneno hayo yalimchoma Mama Winfrida kuliko kunyang'anywa kwenyewe. Mvua zilikuwa zimeanza, vichaka vilikuwa vinachanua, na mizinga isipotundikwa sasa mwaka wake wa asali umekwenda na maji. Lakini zaidi ya hapo: kama amri ya hakimu haimgusi mtendaji, mtu kama yeye akimbilie wapi tena?

Jambo ambalo Sostenes hakulijua ni kwamba mizinga ile ilikuwa imeshapakwa nta ndani, tayari kwa wageni. Siku ya sita wageni wakaja. Kundi la kwanza likaingia asubuhi, la pili mchana. Siku ya saba mtendaji alikuwa anagonga mihuri akiwa amekaa juu ya pikipiki, ng'ambo ya barabara, jicho moja limevimba.

Siku ya nane akaingia mahakamani mbio.

"Mheshimiwa, naomba umwamuru yule mama aondoe nyuki wake ofisini. Leo hii!"

Hakimu Redempta akaweka kalamu chini. "Kwani mahakama inaweza kumwamuru mtu?"

"Inaweza, mheshimiwa."

"Mtu yeyote?"

Sostenes akamtazama karani, akatazama dari. "Yeyote," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi amri yangu ya kwanza bado iko palepale. Mizinga utairudisha wewe mwenyewe, leo. Ukishindwa, kesho utanieleza hapa kwa nini usiadhibiwe kwa kuidharau mahakama."

Jua likizama, nyuki wakiwa wametulia, Sostenes akavaa ovaroli na kofia ya wavu ya Mama Winfrida, akabeba mzinga baada ya mzinga hadi kichakani. Kwenye wa tano akaomba mgambo wamsaidie.

"Wakuelekeze njia tu," alisema mama, akijizuia kucheka. "Jina lililoandikwa kwenye amri ni lako."

Jumatatu mzee Idrissa alifika mahakamani na fimbo yake, akauliza malalamiko ya ufunguo wa kisima yanaandikwa dirisha gani. Mama Winfrida, aliyekuja kumshukuru karani, akamwonyesha. Habari ilimfikia mtendaji kabla karani hajamaliza kuandika. Saa sita mchana kufuli lilikuwa limeondolewa, na Sostenes amesimama pembeni ya kisima.

Mama Winfrida akaja na ndoo yake.

"Shikamoo, mama," akasema mtendaji.

"Marahaba, mwanangu. Nitwike."

Akamtwika.