Mgongo Uliojitenga

Katanga ilipojitenga na Kongo, haukupita muda mrefu mgongo wa Hortense nao ukajitenga na Hortense. Katanga walau ilipata bendera. Mgongo ulipata maumivu tu, na serikali yake haikukaa mezani na mtu.

Mambo yalianza ile Septemba ya vita, ndege ya kijeshi ilipopita chini chini juu ya mabati ya mji wa Likasi. Wazungu waliandika Jadotville kwenye vibao, lakini hofu ilikimbia kwa jina la nyumbani. Kila mtu alishika alichokipenda akatoka mbio. Hortense, mjane asiye na mtoto wa kushika mkono, alishika kiroba cha unga, akakitia kichwani, akaanguka nacho mferejini. Unga haukumwagika. Alisifiwa sana kwa hilo, na sifa zilipokwisha akagundua kuwa hawezi kuinuka.

Georges, muuguzi wa dispensari, alimpapasa, akamwambia hakuna kilichovunjika: alale siku chache, kisha aanze kutembea. Neno la kulala lilifika. La kutembea lilichelewa njiani, kwa sababu kina mama wa kanisa walikuwa wameshaingia mlangoni wakiongozwa na mama Eugénie.

Desturi yao ilijulikana: mgonjwa hachoti maji, hafagii, hainami. Walipangiana zamu. Mmoja alileta kuni, mwingine alisonga bukari, ugali wa kwao, wa tatu alikaa tu kuhakikisha Hortense hajisogezi. Akinyoosha mkono kuchukua kikombe, kikombe kilimfuata. Walimtunza kama yai, na yai halifundishwi kutembea. Mvua zikaja, zikaenda. Kiangazi kilichofuata Hortense alikuwa bado mkekani; chooni alikwenda kwa fimbo, akishikwa huku na huku kama bibi harusi. Na maumivu, badala ya kupungua, yalikuwa yamepata nafasi ya kujenga.

Kilichomnyima usingizi hasa kilikuwa shamba. Yeye na marehemu mumewe walilifyeka wenyewe, kando ya barabara ya Kapolowe, na msimu uliopita lililala. Kwa chifu wa upande ule sheria ilikuwa fupi: shamba likilala misimu miwili, linapewa mwenye jembe. Hakuna kujitetea kwa ugonjwa wala machozi. Mwaka ule treni zilikuja zikipenda, unga ulikuwa adimu, na Hortense aliona jinsi wenzake walivyotikisa viroba vyao mara mbili kabla ya kumpimia. Bila shamba angekula kwa mikono ya watu mpaka afe. Hakulisema hilo kwa mtu. Alilisema kwa ukuta.

Ndipo Casimir alipokuja. Huyu alikuwa fundi wa baiskeli, mtu wa ukoo wa Chui, na Hortense alikuwa wa ukoo wa Mbuzi. Kwa hiyo walikuwa watani, na mtani ana ruhusa ambayo hata padri hana. Anakutukana, unacheka. Anachukua kitu chako, na ukitaka kukirudisha unakifuata kwa miguu yako mwenyewe. Ukituma mtu, umekubali kimekwenda. Tena ndiye atakayekuchimbia kaburi, akikusimanga mpaka udongo wa mwisho.

Aliingia na tete refu, akalilaza kando ya mkeka kuanzia kichwani kwa Hortense hadi kisiginoni, akalikata kwa kisu.

"Usijisumbue kuamuka, mama," alisema. "Nimekuya kupima shimo tu."

"Shimo ya nani?"

"Ya weye. Mbuzi akilala mwaka muzima, chui anajua kazi yake."

Mama Eugénie aliguna kwa hasira, lakini hasira ya mtu baki haina nguvu mbele ya utani. Casimir akatazama chumba kama mrithi anayeogopa kupunjwa. Akapita sufuria, akapita kiti, akaenda moja kwa moja kwenye jembe lililoegemea pembeni.

"Na hii njo uriti yangu. Mufu haiko na kazi na jembe."

Akalitia begani, akaondoka akipiga mluzi. Hortense alicheka kwanza, kama desturi inavyotaka. Kicheko kikamchoma kiunoni. Kisha akaona ile pembe tupu, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Kesho yake, mama wa zamu alipogeuka kuchochea moto, Hortense akatoka na fimbo yake. Kibanda cha Casimir kilikuwa mwisho wa mtaa, mbali ya kutosha kuonekana na mtaa mzima. Alifika kwenye jiwe la njia panda, akakaa huku jasho likimtoka. Hapo, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumpa pole, alipata nafasi ya kufikiri. Akatambua jambo la ajabu: mgongo ulikuwa umemuuma zaidi kabla ya kunyanyuka kuliko alipokuwa anatembea. Mwaka mzima alikuwa akilipa maumivu ambayo hayajafika. Akarudi nyumbani, akagombezwa vizuri, na siku iliyofuata akalipita jiwe.

Alipofika kibandani, Casimir hakumpa jembe. Alimwonyesha beseni, lile ambalo mafundi huzamisha mpira wa tairi ili mapovu yaonyeshe tundu. Bei ya jembe, alisema, ni beseni hili lijae maji kwa safari moja tu kutoka bombani. Hortense alimwita mwizi, mwana wa wezi, chui asiye na meno. Kisha akaomba kopo.

Lile kopo lilikuwa dogo la kutia aibu. Casimir alichungulia ndani akauliza kama ameleta maji au machozi. Lakini Hortense aliporudi siku baada ya siku, kopo likawa chepesi, akachukua mtungi mdogo. Mtungi ukazoeleka, akachukua ndoo na kuijaza robo. Mpaka leo mtaa ule haujakubaliana kama Casimir alikuwa anatibu au alikuwa mvivu wa kuchota maji.

Siku moja alipewa kichwa na wanawake waliompigia vigelegele bombani. Akaijaza ndoo mpaka ukingoni. Hakufika nayo mbali. Alirudishwa mkekani kwa mikono ya watu, na mama Eugénie, akimkanda kwa maji moto, hakusema "nilikuambia", jambo ambalo lilimuuma Hortense kuliko kusemwa. Alilala akiangalia ukuta, akiamini kwamba mgongo umeshinda.

Georges alipoitwa alimpapasa tena, akakaa chini kabisa sakafuni.

"Hakuna kitu kimevunjika, mama. Unasikia? Kama inauma wakati wa kazi, na asubuyi iko kama kawaida, endelea. Kama inauma mpaka kesho, punguza. Kuacha kabisa, hapana."

"Ulinambia hii tangu zamani?"

"Nilisema. Nyumba ilikuwa na bantu wengi."

Hortense alirudi kwenye kopo. Kurudi kwenye kopo mbele ya macho ya mtaa kulihitaji nguvu kuliko ndoo. Georges alimfundisha kuchuchumaa kwa magoti badala ya kujikunja kiuno, na jioni kujinyanyua kitini bila mikono, polepole, mpaka mapaja yatetemeke. Mama Eugénie alisimama karibu, mikono ikimwasha kumsaidia, akaikunja kifuani.

Ndoo ilijaza beseni mawingu ya kwanza yalipokuwa yanapanda. Casimir alitoa jembe bila mzaha wowote, akatazama pembeni kidogo, akasema, "Mpini nimeubadilisha, ule wa zamani ulikuwa mufupi." Akaanza kufuta baiskeli ambayo ilikuwa safi.

Hortense alilima asubuhi tu, tuta kwa tuta, akipumzika kabla ya kuchoka. Hakuwahi kumaliza. Ambroise, mjumbe wa chifu, alipokuja kukagua, matuta yalikuwa yamefika kwenye kichuguu, katikati ya shamba; ng'ambo ya pili majani yalimfika mtu kifuani. Nyuma ya Ambroise alisimama mwanamke aitwaye Émilienne, aliyekimbia mapigano na mtoto mgongoni, bila kipande cha ardhi.

Ambroise akasema sheria ni sheria: palipolimwa ni pa Hortense, palipobaki ni pa mgeni. Mama Eugénie akaja juu. Kina mama wa kanisa wapo, alisema, wakishika majembe wote, saa sita mchana hakuna jani.

Hortense aliyatazama yale majani. Mumewe alikata mti wa kwanza upande ule.

"Na mwaka kesho, mama Eugénie?" aliuliza. "Mutakuya tena?"

Eugénie akaikunja tena mikono kifuani.

"Miye naweza mpaka kwenye kichuguu," Hortense alimwambia Ambroise. "Kule mupatie huyu. Udongo yake ni muzuri kupita huku, asilalamike."

Ambroise akachomeka mti wa mpaka, akaenda zake. Émilienne alitaka kushukuru lakini Hortense alikuwa ameshageuka, maana mvua haingoji shukrani. Mgongo ulikuwa unauma. Aliyapima yale maumivu kama mtu anayepima joto la maji kwa kiwiko, akayaona ni ya leo tu, hayatafika kesho. Akapiga goti, akafukua shimo kwa vidole, akatia mbegu, akasogea mbele.