Wifi Alijuaje?

Tangu asubuhi machale yalimcheza fundi cherehani. Damu ya hedhi ilikuwa imemsumbua kwa miezi, daktari akamwandikia kipimo cha ultrasaundi ya nyonga, na nani akajitolea kumsindikiza? Wifi yake, dada wa mumewe, redio ya ukoo. Kama kizazi kimeharibika, mama mkwe angezipata habari kabla mgonjwa hajavaa viatu.

“Kunywa maji, wifi. Chupa nzima,” alisema wifi walipokaa kwenye benchi la kungojea. “Na usiende haja ndogo mpaka wakuite.”

“Nani kakwambia?”

“Mbona kila mtu anajua! Halafu jeli yao ni ya baridi, usishtuke. Na wakikaa kimya usidhani umekufa, ndivyo walivyo. Niingie nawe?”

“Ndani naingia peke yangu.”

Kila mtu anajua! Mwanamke asiyeolewa, asiyezaa, anayejigamba kwamba hospitali anaijua kwa kupita nje tu, baridi ya jeli kaijulia wapi? Ameshaongea na watu wa humu, fundi aliwaza. Kuna jambo wamelipanga. Naye hakuwa mtu wa kupangiwa. Wifi alipokwenda kuulizia foleni, akajipenyeza chooni, akayakojoa maji yote aliyokunywa, akarudi akijisifu moyoni.

Chumbani, mpimaji, mama wa makamo mwenye miwani, alimpaka jeli chini ya kitovu. Ilikuwa baridi kweli. Akakandamiza kifaa kulia, akakandamiza kushoto, akarudia. Skrini alikuwa ameigeuzia upande wake. Akaguna.

Basi kizazi kimekwisha, fundi akajiambia.

“Mbona kimya, mama? Niambie tu.”

“Sioni vizuri. Umetoka chooni?”

“Mimi? Hata!”

“Kibofu kikijaa ndiyo kizazi kinaonekana. Chako hakina kitu. Kwani hukuambiwa?”

Aibu ilimpanda fundi mpaka masikioni. Akafutwa jeli, akaambiwa akanywe upya. Mpimaji akamfuata hadi mlangoni ili amwite mwingine, na hapo akamwona wifi, chupa nyingine ya maji mkononi, kifuniko ameshakifungua.

“Kumbe ni wewe!” mpimaji akachangamka. “Umefanya vizuri kumleta mwenzio. Wewe siku ile hukuwa na mtu hata wa kukushikia mkoba.”

Redio ya ukoo ikazimika. Wifi akainama, akawa anakifunga kile kifuniko na kukifungua.

“Ulikuja lini, wifi?” fundi akauliza polepole.

“Kunywa maji.”

Fundi akaipokea chupa, akanywa mpaka tone la mwisho, akaketi naye bega kwa bega. Nyumbani walikuwa wakimtania wifi kila siku kwamba anachagua wanaume mpaka uzeeni, na fundi mwenyewe alikuwa mstari wa mbele kucheka.

Jina lake lilipoitwa tena, kibofu kikimuuma, hakumpa wifi mkoba. Alimshika mkono.

“Twende wote.”

“Si ulisema unaingia peke yako?”

“Nilisema,” fundi akajibu, na hakuuachia ule mkono.